Uji wa Mamoliehi

Mimi ndiye ninayevaa jaketi la Mamoliehi. Naanza na hilo kwa sababu nikianzia mahali pengine nitajikuta najipamba, na sina haki hiyo. Ni jaketi jeusi la Wanawake wa Maombi wa kanisa letu, lina ukosi mweupe na vifungo sita, na ndani ya ukosi kuna alama ndogo ya uzi mwekundu aliyoishona yeye mwenyewe ili lisichanganywe na la mwingine. Nilipewa miaka kumi na miwili iliyopita, mwaka mmoja baada ya yeye kuvuliwa. Nilishusha pindo za mikono, nikasogeza vifungo viwili, kazi ikaisha. Ile alama ya uzi sikuitoa. Nilijiambia haionekani.

Huku milimani mke haingii kwa wakwe na jina lake. Anapewa jina la mtoto wanayemtaka, hata kabla ya kushika mimba. Mimi ni Masechaba kwa sababu mama mkwe wangu alimtaka Sechaba, nikamzalia Sechaba mwaka uleule. Yeye alipewa Mamoliehi, na huyo Moliehi alichukua miaka saba kuja. Miaka saba mwanamke anaitwa mama wa mtu ambaye hayupo, kisimani, dukani, kanisani, na anaitika. Moliehi alipozaliwa baba yake alikuwa kwenye migodi ya Welkom, ng'ambo ya mpaka. Alirudi Krismasi mbili, ya tatu hakurudi. Wako waliosema kaangukiwa na mwamba, na wako waliosema wamemwona ananenepa nyumbani kwa mwanamke mwenye gari. Mamoliehi hakumjibu mtu. Alianza kupika pombe ya mtama.

Pombe ile ndiyo iliyomsomesha Moliehi. Kila ilipoiva, bendera nyeupe ya kuwaita wanywaji ilipanda kwenye mti mrefu mbele ya nyumba yake, na wanaume wote wa kijiji chetu cha Ha Ntlama wakaiona, na aliyeiona kabla ya wote ni mume wa Makhauta. Huyo Makhauta ndiye mwenyekiti wetu wa Maombi, tangu mimi sijaolewa hadi leo. Mumewe alikuwa akipanda mlima bila fimbo na kushuka akiwa na fimbo mbili za kuazima. Sasa kanisa letu halina mchezo na pombe. Ukipika unatengwa, ukinywa unatengwa, uwe nani.

Mamoliehi alivuliwa siku ya Alhamisi, maana Alhamisi ndiyo siku yetu. Hakuna aliyemgusa. Alivua mwenyewe, akafunga vifungo vyote sita, akalikunja vizuri, akaliweka mezani mbele ya Makhauta, akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma karibu na mlango. Hilo ni benchi la waliotengwa. Alilikalia peke yake miaka na miaka. Kufagia kanisa waliendelea kumwachia, kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyo karibu, na kufagia hakuhitaji jaketi.

Njaa haikumtisha, maneno ya watu hayakumtisha. Alichoogopa ni kimoja tu. Mwanamke wa Maombi akifa, sisi wenzake tunamvisha jaketi lake na kofia yake nyeupe, kengele inapigwa, tunamsindikiza kaburini kwa nyimbo, wote tumevaa sare. Aliyetengwa hana hayo. Anazikwa na ndugu zake, kengele inakaa kimya, na sisi tukija tunakuja kama majirani. Siku moja alinikuta nimekaa kwenye ukuta wa ua wa kanisa, akanivuta pindo.

"Masechaba, usilikalie. Likipauka nyuma nitazikwaje nalo?"

"Si langu hili?"

"Ni lako. Nasema tu usilikalie."

Nilicheka, nikampuuza. Nilimwona kama mtu aliyekataa kuelewa. Siku hizi nikikaa nainua pindo kwanza, lakini hilo sasa linamsaidia nini?

Aliendelea kupika miaka mitano, hadi Moliehi akamaliza shule na kupata kazi ya kushona suruali kwenye kiwanda huko Maseru. Siku barua ya kazi ilipofika, bendera ilishuka na ule mti ukakatwa. Miaka sita haukuonekana mtungi kwenye nyumba ile. Kwa utaratibu, mtu akiacha mwaka mzima, mwenyekiti wa Maombi anapeleka jina lake kwenye baraza la wazee wa kanisa, anaulizwa, anarudishwa kundini. Makhauta hakulipeleka. Kila mwaka alisema "mwaka ujao". Nadhani hakutaka kumwona mbele yake amevaa sare sawa na yake, mwanamke aliyejua mumewe analala vipi akilewa. Halafu Moliehi akaugua kifua hukohuko Maseru, akaletwa nyumbani kwenye sanduku. Mamoliehi akafunga kitambaa cheusi shingoni, cha msiba. Kwetu hukivui siku unayojisikia. Kuna siku yake, na siku hiyo lazima kuwe na pombe ya nyumbani, walio hai wanywe na waliotangulia wamwagiwe. Kanisa halipendi, ila hata wazee wa kanisa wamezikwa na watu waliofanya hivyo.

Theluji ile kubwa ilikuja Septemba. Theluji ya Juni tunaijua, tunaiandalia. Septemba mipichi ilikuwa imechanua, kondoo wamenyolewa wiki ileile, na samadi kavu ya kanisa, tunayotumia badala ya kuni maana miti haipo huku, ilikuwa imekwisha tangu Agosti. Tulipanda kanisani Alhamisi saa nne, jua likiwaka, wanawake kumi wenye sare na Mamoliehi kwenye benchi lake. Kabla ya somo la pili upepo uligonga mabati, mchana ukawa mweupe dirishani, na tulipofungua mlango hatukuona hata ukuta wa ua.

"Itapita kabla ya wimbo wa mwisho," alisema Makhauta.

"Basi chagua wimbo mfupi, mwenyekiti," alisema Bibi Nthofeela, mkongwe wetu, ambaye mdomo wake haukuwahi kuzeeka. "Kondoo wangu wako uchi."

"Wa kwako tu? Mume wangu jana kawanyoa hadi wa jirani!" mmoja wetu akadakia.

"Mungu naye, mwezi huu kaukosea."

"Bibi! Unamkosoa Mungu ndani ya nyumba yake?"

"Nikamkosolee wapi? Nje baridi."

Tulicheka, na kicheko kilitoka na mvuke mdomoni. Makhauta akatuambia tupige magoti. Aliomba kirefu, akawataja wachungaji, machifu, wagonjwa, kondoo kwa makundi yao, na kila alipovuta pumzi tulisikia bati likinguruma. Tulipoinuka magoti hayakunyooka. Kufikia saa tisa Bibi Nthofeela hakuwa na utani tena. Midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu na alikuwa anasinzia, na kila mtu wa milimani anajua kusinzia kwa namna ile maana yake nini.

"Tuchome benchi moja," nilisema.

"Benchi ni mali ya misheni," alisema Makhauta. "Nani ataandika barua kwa misheni? Wewe?"

Sauti ikatoka nyuma, karibu na mlango. "Kwangu kuna samadi. Nimeipanga ukutani, imekauka."

Nyumba yake iko hatua mia mbili kutoka kanisani. Siku ya kawaida ukisimama mlangoni unahesabu kuku wake. Siku ile ilikuwa mbali kama Durban. Tulishusha kamba ya kengele, tukamfunga kiunoni. Alikuwa na blanketi lake moja, jepesi, lililokwisha manyoya. Sijui niseme niliona huruma au niliona aibu. Nilivua jaketi, nikamnyooshea.

"Vaa ndani ya blanketi."

Alilitazama. Mkono wake ulitoka, na nina hakika ulitoka, nauona hadi leo. Makhauta akasimama katikati.

"Masechaba, una wazimu? Jaketi halikai mgongoni mwa aliyetengwa mpaka mchungaji amwekee mkono. Unataka tuombe huku tumevunja sheria?"

"Anaenda nje, mwenyekiti."

"Anaenda na Mungu. Vaa."

Nikavaa. Sikubishana hata kwa neno moja zaidi. Nilifunga vifungo haraka haraka kwa sababu, na hili ndilo linaloniuma, nilikuwa nimeshaanza kusikia baridi.

Mamoliehi alitoka. Kamba ilikwenda, ikakaza, ikafika mwisho kabla ya nusu ya njia. Ikalegea. Tulivuta, ikaja yenyewe, haina mtu. Wanawake wakaanza kulia, Makhauta akaanzisha wimbo kwa nguvu ili kilio kisisikike, nami nikasimama na ile kamba mkononi nikijua kabisa aliifungua mwenyewe. Muda gani ulipita siwezi kusema. Tulisikia mlango unapigwa chini, si juu. Alikuwa ametambaa, gunia la samadi mgongoni, nyusi zimeganda, na kitambaa chake cheusi kimekuwa kigumu kama bati.

Tuliwasha moto kwenye karai lake la kudekia, katikati ya kanisa. Moshi ulitutoa machozi, lakini Bibi Nthofeela alifumbua macho, akasema, "Nani anachoma viatu vyangu?" tukajua amerudi. Tulizunguka moto ule mabega kwa mabega, na kwa kuwa mtu aliyejua kuchochea samadi isizime ni Mamoliehi, yeye alikaa karibu kuliko wote. Miaka kumi na moja hakuwahi kukaa katikati ya kanisa. Hakuna aliyetaja benchi la nyuma.

Ijumaa theluji iliamka palepale tulipoiacha. Mikate mitatu tuliyokuja nayo ilikwisha Alhamisi jioni. Mchana Bibi Nthofeela alitetemeka tena, safari hii kwa njaa, na wengine wawili walikuwa wananyonyesha watoto waliobaki majumbani, wamekaa wamekumbatia vifua vinavyowauma. Mamoliehi alijikuna shingo chini ya kitambaa, akasita, akasita tena.

"Kuna kitu nyumbani," alisema. "Ila mtanisema."

"Kitu gani?" akauliza Makhauta.

"Nikikileta mtakijua."

Alikwenda mara ya pili. Theluji ilikuwa imepungua kasi, aliona njia yake ya jana. Alirudi na mtungi amefunika kwa sahani, akauweka karibu na moto. Sahani ilipotoka, harufu ikajaa kanisa zima, harufu ya mtama uliochacha, kila mmoja wetu anaijua tangu mgongoni kwa mama yake. Kumi tuliovaa sare tulikuwa tunautazama ule mtungi, na mate yametujaa mdomoni.

Makhauta aliinama, akanusa, akanyooka.

"Mimi naona uji," alisema.

Mmoja akasema, "Uji kabisa." Mwingine akasema, "Umelala kidogo tu." Makhauta akafumba macho akaubariki kwa jina la Baba na la Mwana, naye akawa wa kwanza kunywa, vikombe viwili. Ukatupasha moto. Bibi Nthofeela alilamba ukingo wa kikombe.

"Uji huu unaongea tumboni, jamani."

"Kunywa unyamaze, bibi."

"Ninyamaze vipi na wenyewe haunyamazi?"

Tulicheka hadi mmoja akaanguka kutoka benchini. Tuliimba, na sauti ya pili ilikuwa inaingia kabla sauti ya kwanza haijatoka. Sijawahi kuimba kwa furaha namna ile kanisani, kabla wala baada. Mtungi ulipofika chini, Bibi Nthofeela akauliza swali ambalo sisi wote tulikuwa tunalikwepa.

"Mamoliehi, mwanangu, uliacha hivi vitu. Huu ulimpikia nani?"

"Moliehi," alisema. "Kesho ndiyo siku ya kukivua." Akagusa kitambaa. "Niliwaita shangazi zake wa kule bondeni. Nao hawatafika na theluji hii, basi si neno."

Moto ulilia. Nilikuwa na kikombe mkononi, bado kina vidole viwili, na nilivimaliza. Ningevirudisha wapi?

"Utapika mwingine," alisema Makhauta.

"Nikipika mwingine utakuwa wa pili. Huu mmoja nilimwomba Mungu anivumilie. Wa pili naona aibu kumwomba." Akachochea samadi. "Mimi jambo langu ni jaketi. Mnajua. Nataka nizikwe na jaketi. Hata leo ningekufa pale kwenye theluji, kilichokuwa kinanitisha ni hicho, mngenivisha nini."

Makhauta alilia. Nasema kweli, alilia machozi, akamshika Mamoliehi mikono yote miwili, mikono iliyopasuka kwa baridi.

"Mbele ya Mungu na mbele ya hawa," alisema, "mchungaji akija Novemba nitalipeleka jina lako mwenyewe. Nitasimama mwenyewe. Utarudi, dada yangu. Nisipofanya hivyo Mungu anihukumu."

"Amina," tulisema kwa sauti moja. Harufu ya pumzi zetu nisiitaje.

Jumamosi kulipambazuka anga safi, bluu, kama hakuna kilichotokea. Wanaume walitufikia kwa majembe. Kondoo walikuwa wamekufa kwa mamia, wamesimama hivyohivyo kandokando ya kuta, na kwa wiki nzima kijiji kilikula nyama bila hamu. Mamoliehi alianza kukohoa siku hiyohiyo.

Mimi ni mwandishi wa Maombi. Alhamisi iliyofuata nilifungua daftari niandike habari za siku tatu zile, na Makhauta akaja kusimama begani kwangu.

"Ukifika kwenye chakula," alisema, "andika uji."

Niliandika: *Siku ya pili tulipata uji wa mtama. Mungu alitulisha.* Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, haikuwa mkononi mwake.

Novemba Mchungaji Tlelai alikuja kwa farasi kutoka misheni. Sina ubaya naye. Ni mtu wa haki, na haki yake ni ile iliyoandikwa. Baraza lilikaa kanisani, wazee mbele, sisi wa Maombi upande wa kushoto. Makhauta alisimama kama alivyoapa, akasema maneno mazuri, akasema dada huyu alitoka nje kutuletea moto wakati sisi tunakufa. Nilimsikiliza nikafikiri nimemwonea miaka yote. Mamoliehi aliitwa mbele. Alikuwa amefua blanketi lake, na alikuwa amekonda sana.

"Mama," alisema mchungaji, "anayerudi anaulizwa jambo moja. Mara ya mwisho kupika pombe ilikuwa lini?"

Nilitamani aseme ni miaka sita. Wote tulitamani. Lakini Mamoliehi aligeuka upande wetu akatabasamu, kama mtu anayewataja ndugu zake.

"Ya kuuza, baba, miaka sita. Ila niseme yote, sitaki kuingia na kitu mfukoni. Septemba nilipika mtungi mmoja, wa kuvulia kitambaa cha mwanangu. Hata hivyo haukutumika kwa hilo. Hawa mama waliunywa kwenye theluji. Ndio uliowapa nguvu. Waulize."

Mchungaji akatugeukia taratibu.

"Mwenyekiti, mlikunywa pombe humu ndani?"

Nieleze hapa, ili mtu asidhani tulikuwa mashetani tu. Jibu la "ndiyo" lilikuwa majaketi kumi mezani. Jaketi la Makhauta mwenyewe. La Bibi Nthofeela, aliyekuwa amebakiza Pasaka moja au mbili za kuishi. Langu, yaani lake. Kundi zima la Maombi la Ha Ntlama lingekwisha siku moja. Hilo ndilo lililopita vichwani mwetu, na lilipita upesi kuliko jina la Mungu tuliyeapa mbele yake.

"Tulikunywa uji, baba," alisema Makhauta. Alisema bila kupepesa. "Labda mama kachanganyikiwa na baridi. Alitoka nje mara mbili."

"Bibi Nthofeela?"

Bibi alifungua mdomo, ule mdomo usiozeeka. Akamtazama Makhauta, akatutazama sisi. "Mimi nilikuwa nimezimia, mwanangu," alisema. "Ladha siikumbuki."

"Mwandishi, iko kumbukumbu?"

Nikasimama. Nilikuwa na daftari, nilikuwa na ulimi, na Mamoliehi alikuwa ananitazama bado na lile tabasamu, kwa sababu alidhani mimi nitasema. Nilisoma: "Siku ya pili tulipata uji wa mtama. Mungu alitulisha."

Tabasamu lake halikutoka ghafla. Lilibaki usoni kidogo likiwa halina kazi, kisha likaondoka.

Baraza halikuchukua muda. Amekiri mwenyewe kwamba bado anapika, na juu ya hilo amewasingizia Wanawake wa Maombi ndani ya nyumba ya Bwana. Akaongezewa miaka miwili. Ufagio pia akanyang'anywa, kwa kuwa haikufaa mtu wa namna hiyo ashike funguo za kanisa. Mchungaji alimuuliza kama ana neno. Alisema hana. Alipopita mbele yetu kwenda mlangoni alisimama kwangu, na mimi nikajikaza kupokea tusi. Ningelipokea kwa shukrani.

"Masechaba, kifungo cha tatu kimelegea," alisema kwa sauti ya chini. "Kishone kabla hakijapotea. Vya namna hiyo madukani havipo tena."

Kikohozi hakikumwacha. Nilimpelekea supu mara mbili, nikaiacha mlangoni kama mwizi anayerudisha mali. Hakuniuliza kitu. Julai iliyofuata, siku ya theluji ya kawaida tunayoijua na kuiandalia, alikufa. Ndugu wa mumewe walipanda kutoka bonde la pili, wakamwosha, wakamzika kwenye ardhi iliyoganda, na kengele haikulia. Sisi tulikuja na mablanketi yetu ya kawaida, tukasimama pembeni kama majirani. Ndani ya blanketi langu nilikuwa nimelibana lile jaketi kwapani. Nilikuwa nimekusudia. Nilipiga mswaki asubuhi nikilisema moyoni: jeneza likifunuliwa kwa kuaga nitalitandaza juu yake, na watakalofanya wafanye.

Jeneza lilifunuliwa. Nikasogea. Makhauta alikuwa kando yangu.

"Una nini humo?" aliniuliza.

"Baridi tu, mwenyekiti."

Nikapita mbele ya jeneza na mikono yangu ikiwa imeshika blanketi. Nilimwona. Walikuwa wamemvisha gauni la kuazima, na shingoni bado alikuwa na kitambaa cheusi cha Moliehi. Hakuna aliyethubutu kukivua, siku yake haikufanyika. Pombe ya kukivulia tuliinywa sisi.

Nilirudi nalo nyumbani. Alhamisi iliyofuata nililivaa, nikafunga vifungo vyote sita, nikapanda kanisani. Kifungo cha tatu nilikuwa nimekishona siku nyingi. Makhauta alifungua kwa sala, kisha akaniambia nisome mahudhurio ya mwezi, nikasimama nikasoma kama ilivyoandikwa.

"Waliopo, kumi. Wagonjwa, hakuna. Waliofariki, hakuna."